"Organize" au "organise": nani amekosea?

Mwl_Kidato2: Wakuu, habari za jioni. Leo ofisini tumebishana hadi chai ikapoa. Mwanafunzi wangu kaandika "organize" kwenye insha, mwenzangu kaipiga mstari mwekundu: eti hicho ni Kiingereza cha Marekani, na sisi tunafuata cha Uingereza. Nikafungua kamusi ya Oxford, nikakuta yenye z ndiyo imetangulizwa. Nani mkweli? Na "color" na "colour" walitenganishwa na nani?

MsomaPrufu: Mwalimu, mtoto hana kosa. Kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa, na hiyo z nimeitetea mbele ya wahariri wengi. Kiambishi -ize asili yake ni Kigiriki, -izein, kikaingia Kilatini kikiwa na z yake. Wafaransa ndio wanaoandika -iser, na Waingereza wengi wakawafuata. Wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford wameishikilia z hadi leo, na Oxford iko Uingereza hiyo hiyo! Ila chunga: "analyse" haina kiambishi hicho, kwa hiyo hata Oxford huiandika kwa s. "Advertise" na "surprise" ni s kote, Marekani na Uingereza.

Kuhusu "colour", Kilatini ni color, bila u. Neno lilifika Uingereza kwa Kifaransa cha Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, na kwa karne nyingi kila mwandishi aliandika alivyoona. Mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa 1623 una "honor" na "honour" humo humo. Samuel Johnson, mtunga kamusi Mwingereza, katika kamusi yake ya 1755, akaegemea -our, hata akaandika "errour" na "governour", ambazo Waingereza wenyewe wameshaziacha. Noah Webster wa Connecticut, mtunga kamusi Mmarekani, akaitoa u, na kamusi yake kubwa ya 1828 ikaeneza tahajia hiyo Marekani. Hakuibuni, aliikuta. Nyingine alizopendekeza, kama "tung" badala ya "tongue", watu walizikataa.

Kinachoniuma ni mtoto kuambiwa kwamba tahajia hizi ni uvivu wa Wamarekani. Si kweli, na inamfungia mlango wa kuuliza neno limetoka wapi.

Mzamiaji_Melbourne: Huku Australia tunaandika "labour" kwa u, lakini chama cha siasa cha Labor kinaandikwa bila u tangu 1912. Wageni hudhani bango limekosewa.

Kijana_wa_Tanga: Na "gaol", yaani jela, je? Nimeikuta kwenye sheria za zamani, nikadhani ni "goal".

MsomaPrufu: Hilo nalipenda sana. Waingereza walilipokea neno moja mara mbili: "gaol" kutoka kwa Wanormani, "jail" kutoka Kifaransa cha Paris. Yote yanatokana na neno la Kilatini la kizimba kidogo. Maandishi ya Kinormani yakabaki kwenye karatasi za serikali, ulimi ukafuata Paris. Ndiyo maana yanatamkwa sawasawa.

Mwl_Kidato2: Asante sana. Kwa hiyo nimrudishie alama?

MsomaPrufu: Mrudishie, na mwenzako umwonyeshe ile kamusi. Ila huyo mtoto akianza na "organize" ukurasa wa kwanza, asije na "realise" ukurasa wa pili. Hapo hata mimi nashika kalamu nyekundu.