Sheria ya 1765: askari walilazwa vyumbani mwa raia?

Kigamboni_Kivukoni: Wakuu, sheria ya Uingereza ya 1765 iliwalazimisha raia wa makoloni ya Amerika kulaza askari majumbani mwao?

Mzee wa Upanga: Hapana mkuu, hilo hukosewa sana. Utaratibu ulikuwa kambi kwanza. Zikijaa, nyumba za wageni, vilabu vya pombe na mazizi ya farasi wa kukodi. Mwisho nyumba zisizokaliwa na maghala. Ugomvi hasa ulikuwa gharama: koloni ilitakiwa kutoa kuni, mishumaa, siki, chumvi, matandiko na vyombo vya kupikia, pamoja na, kwa kila askari, bia nyepesi isiyozidi painti 5, au nusu painti ya ramu iliyochanganywa na maji. Bila malipo! New York walipogoma, Bunge la London lilitunga sheria mwaka 1767 ya kulisimamisha baraza lao.

Wakili_Kariakoo: Marekebisho ya Tatu ya Katiba ya Marekani (1791) yakafunga mlango: wakati wa amani, lazima mwenye nyumba aridhie, wakati wa vita, kwa utaratibu wa sheria tu.

Kigamboni_Kivukoni: Na kwetu Tanzania?

Wakili_Kariakoo: Kifungu mahsusi kama hicho hakuna. Anzia ibara ya 16 ya Katiba yetu, hifadhi ya maskani, kisha 24, mali. Ila soma na ya 30, ndiyo inayoweka mipaka ya haki hizo.