Bisibisi YANGU mwenyewe, kwenye chasisi YANGU, mbele ya watu wote!

Mgongo Sakafuni

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi. Mikono ina grisi, simu naigusa kwa kidole kimoja, na naandika hivi hivi kabla hasira haijapoa maana ikipoa nitaanza kumwonea huruma.

Yule bwana. Mnamjua. Simtaji na sitamtaja, msinifuate inboksi. Yule wa ovaroli isiyo na doa. Yule mwenye kalamu sikioni miaka yote na hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiandika hata herufi moja. Akipita mahali boneti imefunguliwa lazima asimame, lazima ainame, lazima agune "mh".

Leo mguno umeniangukia mimi.

Wikiendi nne niko chini ya hii pikapu. NNE. Watoto wamezoea kuongea na viatu vyangu. Nikipenga kamasi zinatoka na rangi ya matofali. Nimefungua tairi za nyuma, nimepanga stendi, nimekwangua kutu mpaka brashi ya waya ikabaki na upara. Pale chasisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma palikuwa na tundu la kupitisha kidole. Nikakata bati la milimita 3, nikachomelea kiraka, nikapaka praima, nikapaka rangi nyeusi mikono mitatu. Mitatu! Kikawa kinang'aa kuliko kiatu cha askari wa gwaride.

Nikaita watu waje waone. Hilo kosa ni langu, nakubali. Mke wangu, shemeji, majirani wawili, na mtoto wa jirani ambaye sikumwita. Na yule bwana naye hakuitwa! Alikuja na upepo tu.

Akainama. Akaguna. Akasema, "Kijana, niazime bisibisi." Mimi kwa heshima zangu zote nikampa. Nikamfutia na mpini kabisa, mjinga mimi.

Akagonga kiraka, ti ti ti. Kiraka kikatulia. Nikatabasamu. Kisha akasogea pembeni ya kiraka kama shubiri moja hivi, mahali ambapo hakuna aliyemwomba asogee, akaweka ncha, akasukuma. Hakutumia nguvu, wakuu. Alisukuma kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Ikazama mpaka mpini.

MPAKA MPINI.

Akaichomoa polepole, akalitazama tundu, akawatazama watu, akasema: "Hii siyo chasisi. Hii ni filimbi."

Wakacheka. Mke wangu akacheka. Mke wangu huyu huyu ambaye kila Jumamosi ananiambia "pole na kazi", leo amecheka mpaka akashika ukuta.

Sasa mimi nauliza, kama mtu ameona tatizo si anakuvuta pembeni? Si anakunong'oneza? Filimbi! Mtu amelaza mgongo chini mwezi mzima, wewe unakuja na kalamu yako unamwambia filimbi! Na kabla ya kunirudishia bisibisi akaifuta kwa leso, ovaroli yake isije ikachafuka.

Tumfanyeje huyu mtu?

Nati Kavu

Pole sana mkuu. Nimesoma mara mbili natafuta alipokosea, bado sijapaona.

Mama Spana

Na mimi nimeshika ukuta hapa. Swali moja tu. Kabla ya kuchomelea uligonga nyundo chasisi yote, au uligonga pale penye tundu? Chuma kizima kinalia ngaa. Kilichooza kinalia pu, kama debe lenye mchanga. Hiyo shubiri moja ya pembeni ingekulilia pu tangu wikiendi ya kwanza.

Mgongo Sakafuni

Dada, nimeleta malalamiko, sikuja kufanya mtihani. Niligonga penye tundu. Kwa nini nigonge palipo pazima?

Mama Spana

Kwa sababu hapakuwa pazima, mdogo wangu.

Tairi la Akiba

Uzi ufungwe, dada amemaliza.

Magamba Matatu

Usifungwe kwanza, kuna watu wanasoma kimya kimya na pikapu zao ziko hivyo hivyo.

Chasisi ya boksi, ile yenye uwazi ndani, inaoza kuanzia ndani. Matope yanaingia, yanaziba vile vitundu vya chini vya kutolea maji, maji yanakaa humo kama yamepanga chumba. Ukiona tundu nje ujue hilo ndilo la mwisho kufika. Ndani kutu imeshatembea huku na huku, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana bati mbili zilizobanwa pamoja zinavimba na kuachana. Kwa hiyo tundu la kidole unalikata mpaka ufike kwenye chuma cheupe, hata kama litakuwa la kupitisha kiganja. Wewe ulikata mpaka wapi?

Mgongo Sakafuni

Sikukata. Nilifunika.

Nati Kavu

ALIFUNIKA.

Tairi la Akiba

Mikono mitatu ya rangi juu ya maiti.

Mgongo Sakafuni

Jamani mbona mnanigeukia mimi? Hoja ni filimbi! Bisibisi imezama mpaka MPINI mbele ya shemeji yangu, na shemeji tangu hapo akinipigia simu anaanza kwa kupiga mluzi.

Kijiti Kikavu

Kiraka chako kilikuwa na umbo gani? Usiniambie mraba.

Mgongo Sakafuni

Mraba. Umenyooka vizuri sana, nilipima na rula.

Kijiti Kikavu

Ewe Mola. Chasisi inapinda na kurudi kila ukipita kwenye shimo. Ukiweka weldi iliyosimama wima toka juu mpaka chini umeichorea mstari wa kukatikia. Ncha za kiraka unazikata mshazari, kiwe kama almasi iliyolala, ili mzigo usikutane na weldi yote kwa wakati mmoja. Na unachomelea vipande vifupi vifupi, huku kidogo, kule kidogo, unaacha pakapoa. Ukivuta mkono mmoja mrefu chasisi inajipinda, gari linaanza kutembea kama kaa. Kijiti cha kuchomelea ulitumia namba 6013 au 7018? Kama ni 7018, kilikuwa kikavu? Hicho kikila unyevunyevu ni bora usingechomelea.

Mgongo Sakafuni

Vijiti nilivikuta kwenye kopo nyuma ya mlango.

Kijiti Kikavu

Sina swali lingine.

Sumaku Mfukoni

Angalau wewe filimbi yako umeipiga mwenyewe. Mimi niliuziwa. Pikapu imepakwa lami chini nzima, nyeusi tii, nikamsifu muuzaji kwa matunzo. Nafika nyumbani napitisha sumaku: inashika, inashika, inadondoka. Inadondoka tena. Kumbe ni puti! Mtu amejaza puti ya bodi kwenye chasisi, akapiga msasa, akapaka lami juu. Puti, ile ya kuzibia mbonyeo wa mlango! Na lami juu ya kutu ni kama kuifunika blanketi, inakaa na unyevu wake humo ndani, inakula taratibu hakuna anayeisumbua. Yule muuzaji mnamjua na nyinyi. Anajiita mcha Mungu.

Mama Spana

Namjua. Aliniuzia mimi tela.

Betri Kwanza

Mnalalamika mambo madogo. Mdogo wangu alichomelea chasisi yangu bila kuchomoa hata waya wa betri, klampu ya ethi, ile ya kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, akaibana kwenye bampa ya mbele huku anachomelea nyuma kabisa. Umeme ukajitafutia njia kupitia gari zima. Kompyuta ya gari ikafa. Nimemuuliza kwa nini, akasema "bampa ndiyo ilikuwa safi". Klampu unaibana karibu na unapochomelea, kwenye chuma ulichokwangua, hata mtoto anajua. Nisimwage radhi?

Nati Kavu

Tangi la mafuta alishusha?

Betri Kwanza

Tusiongelee tangi. Nimeshasali kuhusu tangi.

Msomi wa Gereji

Msimcheke sana mleta uzi, hata wakubwa yamewakuta. Kule Marekani mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chasisi zilizokuwa zinaoza za Tacoma, Tundra na Sequoia, na gharama zilikadiriwa kufika hadi dola bilioni 3.4. Gari lililokidhi masharti likikutwa na tundu la kutu la milimita 10 au zaidi lilikuwa linabadilishiwa chasisi nzima.

Mgongo Sakafuni

Ahsante mkuu! Mmeona? Milimita 10! Bisibisi yangu ina unene wa milimita 8 tu. Kwa hiyo kwa kipimo cha kitaalamu kabisa mimi sina tundu.

Tairi la Akiba

Izungushe kidogo, ufike kumi.

Sumaku Mfukoni

😂😂 nimemwaga maji kwenye kibodi

Dawa ya Kutu

Kuna kimiminika cha kubadilisha kutu, kina asidi ya taniki au ya fosforiki. Unapaka, kutu inageuka nyeusi, kazi imeisha. Sijui kwa nini mnajitesa na moto.

Magamba Matatu

Kinageuza kutu, hakirudishi chuma. Kama kwenye milimita 3 imebaki nusu milimita, utakuwa na nusu milimita nyeusi nzuri ya kuvutia. Hiyo ni ya kutu ya juu juu, ukishakwangua. Kwa filimbi haisaidii.

Dawa ya Kutu

Mimi nimetumia miaka na gari linatembea.

Magamba Matatu

Ligonge nyundo halafu urudi.

*(Dawa ya Kutu ametoka kwenye mazungumzo.)*

Grinda Yangu Iko Wapi

Samahani kwa kuingilia. Mleta uzi, nimekuza ile picha ya kiraka uliyoweka kwenye uzi wako wa wiki jana. Nyuma ya tairi pale kuna grinda ya kijani, mpini umezungushiwa utepe mwekundu, kikinga cheche hakipo. Mpini wa grinda yangu niliuzungushia utepe mwekundu mwenyewe. Ila yangu ilikuwa na kikinga.

Mgongo Sakafuni

Kaka, nilikuwa naileta Jumamosi.

Grinda Yangu Iko Wapi

Jumamosi ipi?

Nati Kavu

Jumamosi ya nne hii.

Grinda Yangu Iko Wapi

Na diski nilizokupa? Zilikuwa tano mpya.

Mgongo Sakafuni

Zimekuwa ndogo.

Mama Spana

Sasa hapo mimi nina la kusema. Watu wanaoazima vifaa! Nina jirani alichukua seti ya soketi, karudisha zote isipokuwa namba 10. Ukimuuliza anasema ilikuja hivyo. Kila seti duniani inakuja bila namba 10?

Betri Kwanza

Ya kwangu ipo ndani ya chasisi. Nilisikia ikidondoka, klang, nikaitikisa gari zima haikutoka. Nikifunga breki kali inateleza mpaka mbele, nikiondoka inarudi nyuma. Nimeizoea.

Tairi la Akiba

Wewe huna filimbi, wewe una kayamba.

Kijiti Kikavu

Mimi niliazimisha jeki, nikaenda kuidai nikakuta jamaa amelala chini ya gari na jeki peke yake, hakuna stendi, hakuna hata gogo. Nilishindwa kuidai. Nilikaa pale nimeshika bampa mpaka akamaliza, maana ingeshuka ningeenda kusema nini kwa mkewe? Jeki inanyanyua, stendi ndiyo inashika. Mleta uzi kwenye stendi angalau umefanya vizuri.

Mgongo Sakafuni

Ahsante. Hilo ndilo neno la kwanza zuri tangu asubuhi. Sasa turudi kwenye mada. Yule bwana alipochukua bisibisi yangu…

Grinda Yangu Iko Wapi

Stendi zenyewe ni za nani?

Mgongo Sakafuni

Kaka, tuongee inboksi.

Pikapu ya Baba

Habari zenu wakuu, mimi mgeni humu. Nimerithi pikapu ya zamani, kwa nje safi, chini sijawahi kuangalia na baada ya uzi huu naogopa kuinama. Naomba kuuliza, yule mzee wa kalamu sikioni anapatikana siku gani? Namhitaji aje na bisibisi.

Sumaku Mfukoni

Hata mimi naomba namba yake. Angekuwepo siku ile nanunua nisingelia.

Nati Kavu

Ukimpata mwambie apitie kwangu pia, nina moja inalia pu karibu na boksi ya usukani na sitaki kuichomelea mwenyewe.

Mama Spana

Namba nimemtumia kila aliyeomba. Anakuja na bisibisi yake siku hizi, anasema za kuazima zinamletea maneno.