Ua la njano limejiotea shambani, je, ni marejea?

MkulimaLindi: Wakuu, pembeni mwa shamba langu kuna mmea wa maua ya njano yenye umbo la ua la kunde, yamepandana juu ya shina. Maganda yamevimba, yakikauka yanalia kama kayamba. Jirani anasema ni marejea. Ni kweli? Naomba jibu leo leo.

MtotoWaSongea: Ndiyo hayo! Kwetu wamisionari wa Peramiho waliyaeneza sana. Babu aliyalima kurutubisha udongo, msimu uliofuata mahindi yalikuwa meusi kwa afya. Nimemkumbuka mzee.

NyarKisumu: Huku kwetu ni mitoo, mboga ya majani. Chemsha, tia maziwa, uchungu unapungua.

BwanaMifugo: Msimpikishe bado. Mkulima, jani ni moja, au vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja? Na haraka ya nini?

MkulimaLindi: Ni moja moja, nchani limebonyea. Haraka ni kwamba mbegu zake nimeshazitwanga na kuzichanganya na mahindi ya ndani, kuzuia dumuzi. Jirani ni mtu mzima, amelima kunizidi, na dawa ya dukani haishikiki bei.

MamaWatatu: Chakula cha watoto unakitiaje kitu usichokijua, ndugu yangu? Tunapenda mno vya bure.

Mdadisi: Chai hii. Mwezi wa tatu Lindi mahindi yako shambani. Ya ndani yametoka wapi? Picha je?

MkulimaLindi: Ya mwaka jana, ndiyo maana yanabunguliwa. Kamera ya simu imekufa.

BwanaMifugo: Mdadisi, hata akiwa anatunga, kuna anayesoma atakayefanya hivyo kweli. Marejea yana vijani vitatu vyembamba. Jani moja lenye ncha iliyobonyea, hiyo ni *Crotalaria retusa*. Mbegu zake zina sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Sarguja, India, miaka ya 1970 watu walikufa kwa nafaka iliyochanganyika na mbegu za krotalaria, jamii hiyo hiyo. Mmeshayala?

MkulimaLindi: Debe moja tumesaga. Hakuna aliyeumwa.

BwanaMifugo: Ini halisemi siku hiyo hiyo. Kesho peleka familia hospitali, beba tawi lenye ua, jani na ganda. Mahindi usiuze, na kuku usiwape.

MkulimaLindi: Nimekuelewa, mkuu. Jirani naye ametia kwenye yake. Naenda kumgongea sasa hivi.