Naomba ushauri: kupata vigawo vya 123456789 bila simu

Ndugu wanakikundi, salaam kutoka Arua, Uganda. Nafundisha hesabu S.2 (kidato cha pili), na mwanafunzi mmoja ameniuliza kama 123456789 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Mwanzo ni mwepesi. Tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 45, kwa hiyo inagawanyika kwa 9, na ubaoni tunabaki na 13717421. Hapo ndipo penye kazi. Kipeuo chake cha pili ni kama 3703.7, na namba tasa za kujaribu, zilizo chini ya hapo, zinapita mia tano! Tumejaribu 7, 11, 13 na kuendelea mpaka karibu na 100. Kila mara kuna baki. Programu ya simu ikanipa jibu papo hapo: 3607 × 3803. Sawa, lakini darasani simu haziruhusiwi, na jibu lisilo na njia kwangu ni sawa na uganga.

Ninachokiona ni kwamba vigawo hivyo viwili vimekaribiana, vinapishana kwa 196 tu, na 3705 iko katikati yao kabisa. Je, kuna namna ya kutumia ukaribu huo, labda kwa tofauti ya vipeo vya pili (a² − b²), ili mtoto afike kwa kalamu na karatasi bila kulijua jibu kwanza?

La pili: kuthibitisha kwamba 3607 ni tasa, inatosha kujaribu namba tasa hadi 59? Naishia hapo kwa sababu 61 × 61 ni 3721, tayari imeshapita.

Asanteni sana.