Koa moja ya faiba, moduli za nyuzi mbili: sakuleta itanifaa?

Usa_Neti ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaharibu vitu vya watu.

Naendesha mtandao mdogo wa intaneti. Mtambo mkuu uko Arusha mjini, wateja wengi wako Usa River. Tumekodi koa moja tu, yaani uzi mmoja wa faiba, ya pili bei yake haishikiki. OTDR, ile mashine ya kupima faiba kwa mwangwi wa mwanga, inasoma kilomita 24. Pande zote mbili nina swichi zenye moduli za 10G za nyuzi mbili (mmoja wa kutuma, mwingine wa kupokea), aina ya ER ya masafa marefu, rangi ya mwanga 1550 nm, zimebaki kwenye mradi ulioisha. Sasa kuna muuzaji kaniletea vijibomba viwili vya chuma, kila kimoja kama sentimita sita, kina mikia mitatu iliyoandikwa 1, 2, 3. Anasema ni sakuleta, nichomeke tu, mwanga unaijua njia wenyewe. Nikamuuliza mbona hautagongana humo ndani, akahamia kwenye habari za bei.

Kwani kweli koa moja inabeba rangi ileile kwenda na kurudi kwa wakati mmoja? Na kidude kisichotumia umeme kinajuaje mwanga upi uende wapi? Splita za majumbani, zile za kugawa mwanga, nazijua, hii sijawahi kuishika. Nawasilisha.

Juma_ODF amejibu:

Mkuu, rudisha hivyo vidude. Nunua jozi ya BiDi, moduli za uzi mmoja zinazotuma na kupokea kwa rangi mbili tofauti, 1270 upande mmoja, 1330 upande wa pili, zile za kilomita 40. Unachomeka, unalala. Sakuleta waachie wa maabara.

MamaSplaisi amejibu:

Kwa upande wa mfuko Juma kasema kweli, na angekuwa anaanza upya ningemwambia hivyohivyo. Lakini mwanangu kauliza kinajuaje, hilo hukumjibu, na vidude tayari anavyo mkononi.

Tuanze na kugongana. Mwanga haugongani na mwanga. Kwa nguvu hizi za kwetu, miliwati moja mbili, miali miwili inapishana ndani ya kioo kila mmoja na hamsini zake. Shida iko mwishoni, kwa risiva, kile kipokezi cha mwanga, kwa sababu risiva haichagui. Inameza chochote kinachoiangukia. BiDi inamaliza hilo kwa rangi: ndani ya moduli kuna kichujio kinachotenganisha 1270 na 1330. GPON, faiba ya majumbani ya wateja wako, ni mtindo uleule, 1490 inashuka, 1310 inapanda. Wewe rangi zako ni moja, kichujio hakina pa kushika. Sakuleta yenyewe haiangalii rangi, inaangalia mwanga umeingilia mlango upi.

Ichukulie kama kipilefti. Ukiingilia 1 unatokea 2, ukiingilia 2 unatokea 3. Ila hiki hakimalizi duara: anayeingilia 3 anakuta ukuta. Zipo zinazorudisha 3 kwenda 1, lakini za madukani kwa kawaida ni hizi zako. Transmita ichomeke 1, koa ya nje 2, risiva 3. Usa River fanya vivyo hivyo.

Sasa kinajuaje. Katikati ya hicho kijibomba kuna kipande chembamba cha fuwele ya ganeti yenye chuma, kimebanwa ndani ya sumaku ya kudumu. Michael Faraday aliona mwaka 1845 kwamba mwanga ukipita kwenye kioo kizito kilichowekwa kwenye sumaku, mwelekeo wa mtetemo wake unageuka. Ganeti yako imekatwa unene wa kugeuza digrii 45 kamili. Na upande wa kugeukia unaamuliwa na sumaku, haijalishi mwanga unatoka wapi. Maji ya sukari nayo yanageuza mtetemo, lakini mwanga ukirudi njia ileile unarudi ulivyokuwa. Kwenye ganeti ukirudi unaongezewa 45 nyingine kulekule.

Pembeni ya ganeti kuna kipande cha kwazi, nacho kinageuza 45, ila hiki ni mtiifu: alichofanya wakati wa kwenda anakitengua wakati wa kurudi. Viweke pamoja. Kwenda mbele, 45 na 45 zinajumlika, mtetemo unalala digrii 90. Kurudi, moja inaongeza na nyingine inapunguza, unapata sifuri. Basi mwanga wa kwenda na mwanga wa kurudi sasa wana mitetemo tofauti, hata kama rangi ni ileile. Mbele yao kuna fuwele ya tatu, inayosogeza pembeni mwanga wenye mtetemo mmoja na kuuacha wa pili upite moja kwa moja. Aliyesogezwa anaangukia mdomo wa poti moja, asiyesogezwa anaangukia mdomo wa nyingine. Umeme wa nini hapo?

Utaniuliza, mwanga uliosafiri kilomita 24 si unafika mtetemo wake umeshavurugika? Umevurugika kabisa. Ndiyo maana mlangoni unagawanywa kwanza mapacha wawili, wima na ulalo, kila pacha anapitishwa kivyake, halafu wanaunganishwa kabla ya kutoka.

Kutokana na hayo, soma lebo. Lazima iandikwe 1550. Ganeti iliyokatwa kwa 1550 ukiipitishia 1310 inageuza zaidi ya 45, jumla haiishii kwenye 90 inayotakiwa bali inapitiliza, kurudi nako hakufutiki, na mwanga unaanza kuvuja kwenye poti isiyo yake.

Hesabu yako sasa. ER inayofuata viwango inarusha angalau -4.7 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) na inasikia mpaka -15.8. Una dB 11.1 za kupoteza njiani. Kilomita 24 kwa upotevu wa 0.22 kila kilomita ni 5.3, weka konekta na viungo vya kuchomelea 1.8, umefika 7.1. Sakuleta mbili, mwanga unapita kila moja mara moja, weka 1.8 zote. Jumla 8.9. Unabaki na dB 2 na ushee. Si utajiri, lakini inapita. Fundi mwingine angekwambia utumie kapla ya nusu kwa nusu, yaani splita ya njia mbili, kwa sababu ni rahisi; kapla inakula 3.5 kila mwisho, ungefika 14 na laini isingewaka.

Nisikilize hapa sasa, maana hapa ndipo watu wanapolia. Sakuleta inapeleka kwenye risiva yako kila kitu kinachorudi kutoka nje, ukiwamo mwanga wako mwenyewe. Ukiwa na nyuzi mbili, konekta chafu inakupunguzia nguvu tu. Hapa konekta chafu ni kioo cha kujitazamia: inarudisha mwanga wako, rangi ileile, moja kwa moja kwenye sikio lako, juu ya sauti ya mwenzako wa Usa. Na iliyo karibu ni mbaya kuliko ya mbali, kwa sababu ya mbali mwangwi wake unalipa nauli ya kilomita zote kwenda na kurudi. Kwa hiyo ODF yako ya Arusha, lile sanduku la kuunganishia faiba, ndiyo ya kuitazama kwanza. Faiba yenyewe, hata iwe safi, inarudisha kidogo, thelathini na kitu dB chini ya ulichotuma. Hiyo 10G yako inaivumilia.

Kabla hujachomeka kitu, pima kila sakuleta mezani kwa chanzo cha 1550 na mita. Leta namba hapa.

Juma_ODF amejibu:

Mama, somo limeingia. Bado nasema BiDi.

Usa_Neti amejibu:

Mama, shikamoo na asante sana. Lebo ni 1550, zote mbili. Nimepima. Chanzo changu kinatoa -5 dBm.

Ya kwanza: 1 kwenda 2 nimepata -5.8. 2 kwenda 3, -5.9. 3 kwenda 1 mita haisomi kitu. Ya pili karibu sawasawa.

Kinachonitia wasiwasi: nimeweka chanzo kwenye 1 na mita kwenye 3, ambako ulisema hapapitiki, nikapata -21. Zote mbili. Nimeuziwa mbovu? Muuzaji hapokei simu tangu mchana.

Mwanafunzi_wa_Mwanga amejibu:

Samahani kuingilia. Nipo Uingereza nasomea mambo haya, naunga mkono maelezo ya mama. Maabara yetu ina sakuleta nyingi, hasa kwenye vihisi vya greting ya Bragg. Hiyo ni sehemu fupi ya koa iliyochorwa mistari myembamba ndani ya kioo. Inarudisha rangi moja tu, nyingine zinapita. Unaiunganisha poti 2, unatuma mwanga mpana kupitia 1, na ile rangi moja inatokea 3. Ukivuta faiba au ikipata joto rangi inahama, kwa 1550 ni kama pikomita 10 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, na hapo umepata kipimajoto kisicho na waya wa umeme.

Na Juma, si za maabara tu. Google walieleza kwenye mkutano wa SIGCOMM mwaka 2022 kwamba vituo vyao vya data vinatumia sakuleta. Wana swichi za vijioo vidogo vinavyoelekeza miali, na kwa kupitisha pande zote mbili kwenye uzi mmoja wamepunguza nusu ya nyuzi na poti wanazohitaji.

Juma_ODF amejibu:

Google wana bajeti ya Google. Huyu ana koa moja na muuzaji asiyepokea simu.

MamaSplaisi amejibu:

Marahaba mwanangu. Vidude ni vizima. Wakati unapima 1 kwenda 3, mkia wa 2 uliuacha wazi mezani, na konekta yake ni ya bluu, ile ya ncha iliyokatwa wima. Nabahatisha?

Kioo kilichokatwa wima kikikutana na hewa kinarudisha takriban asilimia 3.5 ya mwanga, yaani dB 14.6 chini. Fuata njia: -5 ukatoka 2 umebaki -5.8, ukagonga hewa ukarudi -20.4, ukapita 2 kwenda 3 ukalipa 0.9. Ni -21.3. Mita yako haijakudanganya, imekuonyesha mwangwi wa ncha ya mkia. Rudia, ila safari hii uzungushe mkia wa 2 mara kadhaa kwenye kalamu nyembamba, kwa kubana bila kuuvunja. 1550 inavujia kwenye kona kali, hakuna kitakachofika kwenye ncha wala kurudi. Mita ikinyamaza, sakuleta haina tatizo. Ila kama mkia ni wa ile faiba isiyoogopa kukunjwa, kalamu haitatosha, uchomelee ncha ya kijani kwanza ndipo upime.

Ya kijani utaihitaji hata hivyo. Kata ncha ya bluu ya poti 2, chomelea pigteli (mkia mfupi wenye konekta) ya kijani, na adapta ya ODF iwe ya kijani pande zote. Ile imesagwa kwa pembe ya digrii 8, kinachorudi kinatupwa pembeni nje ya koa. Usithubutu kuchomeka kijani kwenye bluu. Nyuso hazigusani, na utakuwa umejitengenezea hewa ileile unayoikimbia. Poti 1 na 3 ziache na bluu ziingie kwenye moduli, kinachorudi kutoka kwenye risiva kinaingilia 3 na pale ni ukuta.

Usa_Neti amejibu:

Ni ya bluu na ilikuwa wazi, mama umeniona! Nimezungusha kwenye kalamu, mita imenyamaza. Kesho nachomelea za kijani pande zote mbili. Laini ikiwaka niangalie nini? Na siku ikikatika, OTDR naipachika wapi?

MamaSplaisi amejibu:

Ikiwaka, soma nguvu ya kupokea kwenye swichi, andika namba kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa raki. Kisha zima transmita ya Usa River huku Arusha ukitazama. Namba ianguke mpaka chini kabisa. Ikibaki kwenye -16 au -17, hiyo ni sauti yako mwenyewe inarudi, kuna konekta hapo karibu ya kusafishwa. Jaribio hili lifanye kabla hujapeleka mteja hata mmoja juu ya laini, kwa sababu siku faiba ikikatwa karibu na Arusha, kipande kilichovunjika kinaweza kurudisha mwanga wa kutosha taa ya poti isizime, na utampigia simu mtu wa Usa akazime na kuwasha swichi isiyo na kosa. Swichi nyingine zikiona fremu zao zenyewe, yaani vifurushi vya data walivyotuma, zinarudi zinafunga poti zikidhani kuna kitanzi. Ukikuta ujumbe huo, usitafute kitanzi, tafuta mkato.

OTDR usiipitishe kwenye sakuleta hata kidogo. Ukiichomeka 1, mpigo unatoka 2 vizuri, mwangwi wote unatokea 3, na OTDR inayosubiri 1 itakuchorea faiba iliyokatikia mlangoni. Ukiichomeka 3 ndiyo kabisa, mpigo wenyewe hautoki. Chomoa ile ya kijani kwenye ODF, pima koa ya nje yenyewe kwa pachikodi (kebo fupi ya kuunganishia) ya kijani, na upande wa Usa wachomoe moduli kwanza. Transmita ya ER ikiendelea kumwaga mwanga wa 1550 kwenye OTDR inayosikiliza 1550, chati utakayopata haisomeki, na ukiwa na bahati mbaya utanunua OTDR nyingine.