Watoto wanataka Harry Potter, vitabu ni vya Kiingereza: tuanzie wapi?

mwalimu_wete
Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kusoma hapa Wete, Pemba, kina watoto 22, darasa la 5 hadi Kidato cha Kwanza. Filamu wameshaziona kwenye simu, sasa wanaulizia vitabu. Tulivyonavyo: nakala 2 za kitabu cha kwanza na 1 ya cha tatu. Cha pili hakipo. Kiingereza chao ni cha skuli, wengi wanaitamka sentensi vizuri na maana hawaipati. Tunakutana Alkhamisi alasiri, Jumamosi na Jumapili asubuhi, kwa sababu siku nyengine alasiri wako chuoni, kwenye Kurani.
Maswali: kitabu hiki ni saizi yao? Nakala 2 kwa watoto 22 zinasomwa vipi? Na wazee wawili wameshauliza habari ya uchawi, tuwajibu nini?

mkutubi_ngambo
Wa alaykum salaam, mwalimu. Nianze na uzito, maana hapo ndipo vikundi vingi hufia.

Kitabu cha kwanza kina sura 17, kurasa 223 kwa chapa ya Uingereza, maneno kama 77,000. Hicho ndicho chepesi. Cha nne kina kurasa 636 na cha tano 766. Tena vilitoka kidogo kidogo, cha kwanza 1997 na cha saba 2007, kwa hiyo msomaji wa wakati ule alikua navyo. Harry mwenyewe anaanza na miaka 11 na kumaliza na 17. Mkiwapa vyote kwa mkupuo, mtoto wa darasa la 5 atafika kwenye vifo vya cha nne kuendelea kabla ya umri wake. Panga vitatu vya mwanzo, vilivyobaki wavisome wakiwa sekondari.

Kujua kama mtoto anakiweza peke yake, fungua ukurasa wa katikati asome, na kila neno asilolijua akunje kidole. Ukurasa mmoja una maneno 340 hivi. Ili mtu asome kwa raha bila kamusi anatakiwa ajue kama maneno 98 katika kila 100, yaani asiyoyajua yasizidi saba kwa ukurasa mzima. Mkono mmoja ukijaa kabla ya nusu ya ukurasa, bado. Wa kwenu wengi utajaa kwenye aya ya pili. Wasinyimwe kwa ajili hiyo, wasomewe.

Hesabu yake ni hii. Ukisoma kwa sauti na kusimama kufafanua, hutapita maneno 100 kwa dakika. Maneno 77,000 ni dakika 770. Vikao vya dakika 20, mara 3 kwa wiki, ni vikao 39, wiki 13. Muhula mmoja tu.

Kabla ya kusoma, andika ubaoni maneno 5 hadi 7, yale yanayobeba tukio na si zaidi. Chukua "cupboard". Harry analala kwenye cupboard ya chini ya ngazi. Mtoto aliyefunzwa kuwa cupboard ni kabati anamwona kijana amekunjwa katikati ya kanzu na mashuka, na hadithi nzima inaanza kombo. Chora ngazi, paka chaki pembe ya chini yake, andika "stoo". Sekunde 20 na picha imekaa. "Platform" nayo, pale watu wanapopandia treni: Unguja ilipata reli ya Bububu mwaka 1905, ikafa zamani, na Pemba haijawahi kuwa na treni. Elezea kwa gati ya Mkoani, mizigo na watu wanaagana. Skuli ya bweni haihitaji maelezo, dakhalia wanaijua.

Maneno ya kubuni kama Quidditch usiyaandike kama msamiati. Watapekua kamusi mpaka kikao kiishe. Waambie mapema kuwa mwandishi kayabuni, na mtoto wa London naye alikutana nayo humo humo.

Dakika 2 za mwanzo, mtoto mmoja aeleze kwa Kiswahili tulipoishia. Kisha soma, na funga kitabu katikati ya tukio. Watapiga kelele, waache. Usiwafanye wasome kwa zamu aya moja moja, kwa sababu anayesoma anahangaika na matamshi, wenzake wanahesabu zamu yao itafika aya ya ngapi, na hadithi haisikilizwi na mtu. Wala usiulize maswali ya mtihani. Kikao kikinuka mtihani, wiki ya tatu utakuwa na watoto 9.

Nakala ya pili iwe ya kuazimwa, siku tatu tatu, lakini kwa sura zilizokwisha kusomwa tu. Hapo ndipo Kiingereza kinapoingia: maana anayo tayari kichwani, kilichobaki ni kuyatambua maneno kwenye karatasi. Akiruhusiwa kwenda mbele atakwama, na aibu ya kukwama itamfanya asirudi.

kijana_chake
Mbona PDF zote saba zipo kwenye magrupu ya simu? Waprintieni tu.

mkutubi_ngambo
Hizo ni za wizi, ndugu yangu. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003. Na nyingi zimenakiliwa na mashine, "rn" imegeuka "m", alama za kunukuu zimepotea. Mtoto anayejifunza hawezi kujua kosa ni la nani.

bi_mkoani
Mwalimu, kuhusu wazee. Msiwaambie "hamna uchawi humo". Skuli yenyewe ni ya wachawi, watalifungua jalada tu na hamtaaminiwa tena. Waiteni kabla ya kuanza, wasomeeni kurasa mbili tatu kwa Kiswahili, muwaonyeshe maneno ya uganga yalivyo: mengi ni Kilatini kilichovunjwavunjwa, kama "Lumos" linalotokana na neno la mwanga. Hakuna dua, hakuna kafara ya kuigwa. Mlango wa kikao uwe wazi, mzazi aingie akitaka. Asiyeridhika, mtoto wake apewe kitabu chengine saa ile ile, bila ya kusemwa.

Halafu wakumbusheni kwa adabu kuwa sisi tumelelewa kwa majini ya Alfu Lela Ulela na mazimwi. Hadithi ya Sultani Majnuni, yenye nunda mla watu, Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyengine alizozipata kwa wasimulizi wa Unguja. Kwa maoni yangu muanze nayo, kabla ya Harry. Paka wa sultani anakula kuku, hakatazwi, anahamia kwa wanyama wakubwa, mwisho anakula watu, na huyo ndiye nunda. Mwana mdogo anakwenda kumwinda, na kila mnyama anayemuua anamkokota hadi kwa mamake, naye anamwambia siye. Jibu hilo linarudi kila mara, na mara ya tatu watoto wanalisema wenyewe. Mtoto dhaifu wa kusoma humpata hapo, kwa sababu mstari unaorudi anaujua kabla jicho halijaufikia. Fungueni kwa "Paukwa!", wao wajibu "Pakawa!". Wiki tatu za hivyo, masikio yameshazoea kukaa na hadithi ndefu.

Kwa wa Kidato cha Kwanza walio wepesi kuna mfululizo wetu wenyewe. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, aliandika vitabu vya mpelelezi Bwana Msa: Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kisima cha Giningi (1968) na vyengine. Havikuandikwa kwa watoto, baadhi msubiri. Lakini mtu akimaliza kimoja hukiulizia chengine, na hiyo ndiyo nguvu ya mfululizo: ukurasa wa kwanza haumgharimu tena kitu, watu anawajua, mahali anapajua. Na wazee wenu watavipenda, maana Bwana Msa kila linalodaiwa ni la mzimu hulifumbua kwa akili.

Wale wanaositasita hata kwa Kiswahili, ingieni tovuti ya African Storybook. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, ni bure, na kuchapisha kumeruhusiwa.

fundi_jalada
Mmeongea kusoma, hakuna aliyekitazama kitabu. Nakala 2, mikono 22, na masika ya Pemba: wiki 13 hazifiki.

Vitabu hivi vya jalada laini vimeshikwa kwa gundi mgongoni, havikushonwa. Gundi ikikauka inakatika pale mtoto anapokikunja kitabu nyuma nyuma ashike kwa mkono mmoja. Hilo likatazeni siku ya kwanza. Jalada livikeni nailoni ngumu, muikate ibaki sentimita 3 kila upande ya kukunjia ndani, na utepe mgandishe nailoni kwa nailoni, si kwenye karatasi.

Kurasa zikichomoka msitie selotepu. Inageuka manjano, na kwa joto gundi yake inatoka na kunasa ukurasa wa jirani. Fanyeni hivi: bandueni jalada, gongeni kurasa mezani mpaka mgongo ulingane, zibaneni baina ya mbao mbili, mgongo utokeze milimita 5. Kwa msumeno mdogo wa chuma kateni mifereji 5 kupita mgongo, kina cha milimita 1 hadi 2. Pakeni gundi nyeupe ya mbao kwa brashi, lazeni uzi wa pamba ndani ya kila mfereji, pakeni tena, juu wekeni kipande cha bandeji. Mikono miwili miembamba, sio mmoja mzito. Gundi nyingi inapenya ndani, na kurasa kumi za mwanzo zinakuwa ubao. Acheni saa 12, masika saa 24, ndipo mrudishe jalada.

Maboksi yasikae chini, mchwa hawapigi hodi. Rafu iwe sentimita 10 juu ya sakafu na 5 mbali na ukuta. Kitabu kikiota ukungu kianikeni kivulini penye upepo, kikikauka kipanguseni nje kwa brashi laini. Jua kali linapinda jalada.

Mkipata pesa, nunueni kwanza cha pili, nakala 2. Msiongeze cha kwanza. Na hiyo nakala ya kitabu cha tatu ifungieni kabatini, maana atakayekiruka cha pili atawasimulia wenzake nusu ya siri.

mwalimu_wete
Ahsanteni sana, nyote. Dogo moja kwa mkutubi: nifasiri sentensi kwa sentensi au aya kwa aya?

mkutubi_ngambo
Si hivi wala si vile. Ukifasiri kila sentensi wanajifunza kukisubiri Kiswahili, na Kiingereza kinakuwa kelele ya kupitisha muda. Toa sentensi mbili za Kiswahili kabla ya tukio, nani anakwenda wapi kutaka nini, kisha soma Kiingereza moja kwa moja na simama tu pale jambo linapogeuka. Kufika sura ya 6 punguza hata hizo mbili. Mazungumzo usiyafasiri, yape sauti.

Na jiandae kwa Hagrid, mlinzi wa viwanja vya skuli ya Harry. Maneno yake yameandikwa yanavyotamkwa, "yeh" kwa "you", "ter" kwa "to". Watoto watadhani ni makosa ya chapa, au wayanakili kwenye insha zao. Waambie huyu ni kama Mmakunduchi anayeongea Kikae, lahaja ya kwao, mbele ya mtu wa Wete: lugha ni moja, sikio ndilo linalohitaji siku mbili tatu.