Wapenzi wa filamu za kale za nje zisizo na umaarufu: unatoaje alama? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Tunaopenda kuchimbua filamu za zamani za nchi za mbali, zile ukizitaja watu wanakutolea macho, tukutane hapa. Taja moja, alama uliyoipa na sababu.

Naanza na Limite ya Brazil, 1931. Mwongozaji wake, Mário Peixoto, hakukamilisha filamu nyingine maisha yake yote. Watu watatu wako ndani ya mtumbwi, na kumbukumbu za kila mmoja zinatujia vipande vipande. Kuna sehemu ya mkanda iliyooza isiweze kuokolewa. Naipa 9/10 na siondoi hata nusu kwa huo uozo, maana mimi alama za filamu naziweka mbali na alama za kopi. Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa takriban fremu (picha moja moja) 16 hadi 20 kwa sekunde. Ukiwekewa kopi inayokwenda 24, watu wanarukaruka kama vifaranga. Hapo mwongozaji ana kosa gani?

#2
Umenena mkuu. A Page of Madness, filamu bubu ya Japani, 1926, haina maandishi ya kuelezea lolote, na wengi wanaikata alama kwa hilo. Enzi hizo kule msimuliaji alisimama kando ya pazia akiwaeleza watazamaji. Sisi tunaitazama bila yeye! Pale mzee anapowavisha wagonjwa vinyago, mmoja baada ya mwingine, nilisahau kabisa habari ya kuelewa. 9.

#3
Yangu ni ya Lotte Reiniger wa Ujerumani, Prinzen Achmed, 1926. Vivuli vitupu, vilivyokatwa kwa mkasi na kusogezwa kidogo kidogo kwa miaka kama mitatu. Tazama vidole vya wahusika, vyembamba hivyo lakini vinaongea. Hadithi inalegea katikati, kwa hiyo 8.

#4
Mimi sitoi alama usiku uleule. Nalala, kesho yake najiuliza nini kimebaki. Touki Bouki ya Senegal, 1973, imebaki yote, kuanzia ile pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele. 10 bila kusita.

Halafu kuna ya Iran ya 1976, Chess of the Wind, ambayo mkanda wake ulionekana tena 2014 kwenye duka la vitu vikuukuu. Aliyeitazama atuambie: giza lile la ndani ya nyumba linasomeka kwenye skrini ndogo, au nisubiri kubwa?